Siku Niliyowapandisha Cheo Maseremala wa Keko

Aibu hii mashahidi wake wote bado wako Keko na hawana mpango wa kusahau, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe. Mie nilikuwaga naamini kabisa (na cheti changu cha masomo ya jioni mkononi!) kwamba kazi ya babu yako iliyoandikwa kwenye sensa ndiyo inayoupangia ukoo wenu daraja mpaka leo, eti kuna kompyuta mahali, ukiomba kazi wanabonyeza jina, wakikuta babu alikuwa kuli, unaambiwa njoo kesho.

Sasa dada Upendo, mtafiti wa historia, akanipa kibarua cha kuingiza kwenye kompyuta daftari za zamani za kuhesabu watu wa mtaa wetu: jina, kazi, halafu daraja la kazi hiyo, la kwanza mpaka la tano. Kwenye orodha ya madaraja aliyonipa nikakuta seremala yuko la tatu, kuli la tano kabisa. Nikasema hapana, wazee wa watu, wengine marehemu, nije mie kuwazamisha na wajukuu zao? Nikampandisha mmoja tu, babu yangu, kutoka kuli akawa afisa usafirishaji. Mkono ukanogewa. Kufika Ijumaa maseremala wote walikuwa wahandisi wa mbao, muuza maji mkurugenzi wa maji, na mama wa vitumbua meneja wa chakula.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mafundi seremala wa leo walikuwa wametakiwa kuhama pembeni ya barabara, na dada Upendo aliwaahidi ushahidi kwamba useremala upo pale tangu enzi za babu zao. Jumamosi ofisi ya mtaa imefurika, afisa ardhi kakaa mbele, dada Upendo kawasha projekta, anasoma kwa kujiamini: “Idadi ya maseremala...” Akaisogelea kompyuta. “Sifuri.”

Afisa akafunga faili lake.

Mzee Likonde, fundi mkongwe, akainuka. “Sifuri? Baba yangu alikuwa nani?”

“Shikamoo mzee. Mhandisi wa mbao,” nikajibu kwa sauti ya mbu.

“Marahaba. Mhandisi! Mtu aliyekuwa anasaini kwa dole gumba!”

“Na huyu mkurugenzi wa maji?” afisa akauliza.

“Alikuwa na toroli moja, bosi, tena bovu!” mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko kilichosikika, naapa, mpaka Ubungo. Nikakimbilia nyuma ya shuka la projekta, kumbe miguu yote inaonekana.

Bahati daftari zenyewe zilikuwa kwenye begi la dada Upendo. Akazifungua mezani, Mzee Likonde akasoma jina la baba yake: seremala, Keko. Chini yake seremala, tena seremala, ukurasa mzima, watu wanashangilia kila jina kama goli. Afisa akafungua faili, akaandika, akasema mafundi wasiguswe.

Nilipotoka nyuma ya shuka nikamweleza dada Upendo habari za ile kompyuta. Alicheka mpaka akakaa chini.

“Kaka, hakuna kompyuta ya hivyo. Hayo madaraja tumeyapanga sisi watafiti, juzi tu, ili tulinganishe kazi za zamani. Hayamfuati mjukuu wa mtu yeyote. Mtu akisema seremala, andika seremala.”