Mtoto Kufungwa Kama Miraa

Mtoto wangu alitokewa na alama ya kuchomwa kwa shingo kabla hajajua kutembea, na kwa hiyo boma washukiwa tulikuwa wawili: mimi na mama mkwe. Bwana yangu simhesabu. Yeye alikuwa anatoka asubuhi kwenda kufunga miraa Kangeta, akirudi anabeba mtoto kidogo, mtoto akilia anamrudisha kama bidhaa imeharibika.

Ilianza na mbu. Mvua ilikuwa imeshika, na kila asubuhi mtoto anaamka na uvimbe kwa miguu, anajikuna mpaka anatoa damu. Mimi nimetoka Embu, na kwetu dawa ilikuwa fupi: osha na maji baridi na sabuni ya kipande, kata kucha, funika mtoto vizuri akilala. Mama mkwe akaona hiyo ni uvivu.

"Maji na sabuni ni ya kuosha sufuria," akasema. "Huyu anataka kupozwa."

Akaenda kwa shamba yake akakata majani ya mgomba, ile laini ya ndani, bado inatiririka maji ya mvua. Sasa, huko Igembe, kwa kina bwana yangu, mtu haambiwi kitu juu ya jani la mgomba. Ndio hufungia miraa isinyauke njiani.

"Kama inafikisha miraa Nairobi ikiwa freshi," akaniuliza, "itashindwa na ngozi ya mtoto?"

Akamfunga mtoto kutoka miguu hadi kidevu kama kibunda. Nilikuwa nangoja tu amweke kwa pikapu.

Akafanya hivyo siku kadhaa. Halafu asubuhi moja nikaona mstari mwekundu kwa shingo ya mtoto, umenyooka, na juu yake malengelenge madogo madogo kama ya maji moto. Kabla sijamaliza kushtuka mama mkwe ameingia. Yeye hakuwa mtu wa hodi.

"Umemchoma na nini?"

"Sijamchoma, Mama."

"Ni chai."

"Chai gani inachora laini na rula?"

Hakucheka. Akaangalia birika yangu, akaenda akashika jiko aone kama iko joto. Mimi nami nikaangalia mikono yake. Yeye ndiye alikuwa anashinda akimpapasa mtoto, na kwake hakukosi pilipili inakauka. Akitoka, nikanusa shingo ya mtoto. Nikanusa tena. Ilinuka mgomba na maziwa, basi. Lakini roho haikutulia.

Kutoka hapo tukaishi kama majambazi wawili wanagawana chumba. Nikisonga ugali, anakuja kusimama katikati yangu na mtoto. Akibeba mtoto, mimi namfuata nyuma mpaka kwa migomba.

"Unanifuata kwa nini?"

"Natembeza miguu, Mama."

Alama ya pili ikatokea karibu na sikio. Hapo akaita jirani, mama mmoja wa kanisa yao, aje aone kwa macho yake. Mbele ya huyo mama akaniambia, "Jumamosi nakuja kuchukua huyu mtoto. Atakaa kwangu mpaka ajue kuongea, atuambie ni nani anamfanyia hivi."

Nikamwambia bwana yangu. Akasema eti mama anasaidia tu. Nikamuuliza kama angechukuliwa yeye mwenyewe angesema ni msaada. Akaendelea kukula. Mtoto alikuwa bado ananyonya, na nilijua akishavuka ua ya mama mkwe, kumrudisha itakuwa kazi ya wazee na mbuzi.

Ijumaa mama mkwe akaja na majani yake kwa bega, akafunga mtoto. Mimi nikakaa hapo hapo, macho kwa mikono yake. Mikono haikufanya kitu. Lakini kwa shingo yake mwenyewe mama mkwe kulikuwa na kadudu kanatembea, kembamba, kekundu na keusi, kanabeba mkia juu.

"Mama, kuna kitu kwa shingo."

"Wacha kuniangalia kama askari."

Lakini akasikia kanamtekenya. Akapiga pa! akasugua vizuri na kiganja. Mimi nikamtoa mtoto kwa hayo majani haraka sana.

"Unamtoa kwa nini?"

"Amekojoa."

Jumamosi akafika na yule mama wa kanisa na mfuko wa nguo. Jua lilikuwa limetoka vizuri na yeye amejizungushia leso kwa shingo.

"Mama, unasikia baridi?"

"Nasikia."

Mama wa kanisa akamvuta leso kidogo, kwa huruma tu. Hiyo laini hapo! Nyekundu, na malengelenge yake, kama ya mtoto kabisa.

"Uuui! Mama, nani amekumwagia chai?" nikauliza.

Nikachukua jani la jana mlangoni nikalikunjua pale karibu na uti. Wadudu kama kale ka jana walikuwa ndani, wametulia. Mama wa kanisa akarudi nyuma. "Hao ni nairobi flai! Haiumi hiyo. Ni ukiiponda, ile maji yake ndio inachoma. Unaipuliza tu iende."

"Kwa shamba yangu hakuna mdudu wa Nairobi," mama mkwe akasema. "Labda ametoka Embu, kwa hiyo muguka yenu mnaita miraa."

Lakini nilipoleta maji baridi na sabuni alikaa chini. Nikamwosha polepole bila kusugua. Nilipomaliza, akabeba mtoto, akamvua shati, akamkagua mgongo, kwapa, nyuma ya masikio. Akanirudishia.

"Abaki. Lakini nitakuwa nikikuja kuangalia."

"Karibu, Mama. Ukuje mikono mitupu."

Akachukua mfuko wake akaenda. Hata hakuwa amefika kwa njia, nami nikamvua mtoto shati tena nikamkagua kutoka kichwa hadi vidole.