Maalimu Saburi Apeleleza Posa

Maalimu Saburi wa Bukoba hakuamini mtu. Ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza umeiona mwenyewe au umeambiwa. Miaka thelathini alifundisha hadithi za Mtume madrasani, na alichokipenda kuliko vyote ni habari za wapokezi, wale waliozisimulia hadithi hizo: nani alikuwa mkweli, nani kumbukumbu zilimpotea, nani alificha jina la aliyemsimulia. Watu waliokufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita aliwachambua kama mchele.

Sasa mtu wa namna hiyo aletewe barua ya posa! Riyadhi, fundi cherehani wa Muleba, anamtaka binti yake Nuriat, na Nuriat anamtaka Riyadhi. Saburi akapanda basi kwenda Muleba kupeleleza.

Imamu akamsifu kijana. Mzee Mwijage, Mkatoliki aliyempangisha chumba, akamkaribisha mgeni akamwani, ile kahawa ya kutafuna, akaapa kwamba mpangaji wake hajawahi kumdanganya. Badala ya kufurahi, Saburi akazidi kuingiwa na shaka. Wote wanamsifu? Wamepangwa hawa! Akauliza, akauliza, hadi akampata wa kumwambia: “Yule? Mwongo mkubwa! Nguo za Idi huahidi, hatoi.” Hapo roho yake ikatulia, akarudi nyumbani.

“Posa naikataa,” akamwambia Nuriat. “Watu wa Muleba wanasema ni mwongo.”

“Watu gani, Baba?”

“Watu tu. Lisemwalo lipo.”

Nuriat alisoma kwa baba huyohuyo tangu ana miaka sita. Hakumwachia. “Mtaje aliyekwambia.”

“Fundi mmoja.”

“Fundi wa nini?”

“Cherehani.”

“Kibanda chake kiko wapi?”

“Kinatazamana na cha Riyadhi,” Saburi akanong'ona.

Ala! Hata watoto wa madrasa yake wanajua kwamba neno la mshindani dhidi ya mshindani mwenzake halipokelewi hivi hivi.

“Na imamu alisemaje?”

“Alimsifu.”

“Ukamficha imamu, ukamficha na fundi. Baba, ungekuwa mpokezi, wewe ungejipokea?”

“Hapana,” Saburi akajibu. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Akachukua kalamu, akawaandikia wazee wa Riyadhi waje Ijumaa, akaifunga barua na kumpa binti yake. Nuriat akaifungua palepale mbele yake, akaisoma neno kwa neno hadi mwisho, ndipo akakubali kuituma.