Paka wa Mama Katungu

Nikilima baada ya mvua na jembe likafukua mavi ya paka, huwa naliweka jembe chini na kukaa kidogo. Majirani zangu hapa Beni hunicheka, wanasema mwanamke wa umri wangu hawezi kushindwa na uchafu wa paka. Harufu ile ni kali, inaingia puani na kukaa humo, na hata ukinawa kwa majivu bado utaisikia ukishika mkate. Wao inawatia kinyaa tu. Mimi inanirudisha Butembo, kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba yetu, wakati wa vita, nilipokuwa mtoto ambaye kazi yake ya asubuhi, kabla ya chai, ilikuwa kuzoa mavi ya paka kwenye matuta ya mama kwa kipande cha bati.

Kama hujawahi kuwa na bustani, nikueleze jambo moja. Paka hapendi ardhi ngumu. Anataka udongo uliochimbwa jana, laini, usio na jiwe, na mama yangu alikuwa na mkono wa kulainisha udongo kuliko mwanamke yeyote wa mtaa wetu. Alipanda karoti, kabichi, na hasa poireau, ile mboga ndefu nyeupe iliyo ndugu wa kitunguu, ambayo wachuuzi wa Beni walipanda milima kuja kuinunua kwa sababu huko kwenye joto haistawi. Alikuwa akipanga mistari, anamwagilia, anaondoka kwa furaha. Usiku paka wanakuja. Hawakukosa hata siku moja, kama wale mabibi wa misa ya kwanza.

Paka hao walikuwa wa Mama Katungu, jirani yetu wa juu. Aliuza samaki wa chumvi kutoka ziwani, na nyumba yenye samaki haikosi panya, na penye panya mtu hufuga paka. Alianza na mmoja. Sijui alimaliza na wangapi. Dume kubwa kuliko wote, la kijivu, lenye sikio lililochanika, mume wake alilipa jina la Kamanda, kwa kuwa lilichukua vya watu bila kuomba. Papa Mbusa, mume huyo, alikuwa seremala, mtu mnene, mpole, mwenye kucheka taratibu. Askari wakipita barabarani alimwita paka wake kwa sauti ya chini, naye Mama Katungu alimpiga kofi la begani akisema atawaua wote kwa mzaha wake.

Katikati ya uwanja wao na wetu kulikuwa na ua wa misiprasi, na kwenye ua huo pengo la kutosha mtu mmoja. Lilikuwepo kabla sijazaliwa. Mama zetu walipitishiana hapo makaa ya moto, chumvi, mtoto wa kushikiwa. Vita vilipofika, pengo lilipata kazi nyingine. Nyumba ya Mama Katungu iliangalia barabara, na askari huja kwa barabara. Sisi tulikuwa chini yao, na chini yetu palikuwa na bustani, halafu mikaratusi, halafu kijito. Kwa hiyo risasi zikilia, wa juu walikimbia kwa kupitia pengo, wakakatiza kwetu, tukashuka bondeni pamoja. Tulikwisha kufanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba sisi watoto tuliona ni mchezo, na tulishindana nani atafika mtoni kwanza.

Mama alijaribu kila dawa. Alimwaga majivu, mvua ikayachukua. Alichomeka matawi ya mlimao yenye miiba kati ya mistari, nikajichoma mimi, paka wakaruka. Siku moja alitwanga pilipili, akaichanganya na maji na kunyunyiza kila mahali. Upepo wa bondeni ulipanda, ukaleta pilipili yote ndani, tukapiga chafya nyumba nzima hadi tukaacha chakula. Kamanda alihamia tu kwenye karoti.

Halafu ikaja ile siku ya soko. Mchuuzi mmoja wa Beni alifungua fungu la poireau mbele ya watu, akakuta uchafu umekauka kati ya majani. Aliliinua juu ili wote waone.

"Mama, hii unauzisha mboga ao choo ya paka?"

Watu walicheka, na kicheko cha soko hakina huruma. Mama alirudi na kapu limejaa, mgongoni, kamba imembana paji la uso. Nilikuwa nyuma yake. Alipofika hakutua mzigo. Alipita moja kwa moja kwenye pengo hadi kwa Mama Katungu, aliyekuwa akigeuza samaki juani.

"Dada, funga paka zako. Leo banichekelea mbele ya batu."

Mama Katungu naye alikuwa na hasira zake. Mzigo wake mpya wa samaki ulikuwa umekwama Kasindi, barabara haipitiki, na watoto walikuwa wakilia njaa.

"Paka hapana mbuzi ya kufunga kamba," alijibu. "Funga jardin yako."

Maneno hayo mawili matatu yalitosha. Wanawake walionyonyesheana watoto wakaanza kupita njiani kila mmoja akiangalia upande wake. Mama alimwambia baba: amesema nifunge bustani, nami nitafunga.

Baba alikuwa akifanya kazi kwenye depo ya kahawa. Jumamosi alikuja na seng'enge ya miiba iliyobaki kwenye ujenzi wa depo, na koleo la kukatia waya. Alisimamisha nguzo za mikaratusi kwenye pengo na kuvuta nyaya kutoka chini hadi kifuani mwa mtu mzima, akazikaza vizuri, maana hakuwa mtu wa kufanya kazi nusu. Mama akajaza matawi ya mlimao chini yake. Wakati baba anakaza waya wa mwisho, Papa Mbusa alikuja upande wake, akasimama huku ameshika mikono nyuma, kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Ni kazi muzuri," alisema. "Na siku ya kukimbia, tutapitia wapi?"

"Ile siku tutafungua," baba alijibu.

Wakacheka wote wawili. Wanaume hawakuwa na ugomvi, na ilikuwa imepita miezi bila risasi, watu walikuwa wamerudi hata kwenye mashamba ya mbali. Jumatatu baba alirudisha koleo deponi, kwa sababu lilikuwa la depo.

Na paka? Kamanda alipita chini ya waya siku ya tatu, akiwa ametandaza tumbo kama anaogelea. Wengine walizunguka kwenye misiprasi. Nikaendelea kuzoa. Seng'enge ile haikumzuia paka hata mmoja, kila mtu aliliona hilo, na baba alisema ataiondoa. Lakini maharage yalikuwa yamekomaa, halafu ikawa mvua, halafu Noeli. Jambo la kesho halikosi kesho nyingine.

Asubuhi ile tulisikia milio upande wa Rughenda, kwenye uwanja wa ndege. Baba alikuwa amekwenda kazini. Tulidhani vita vitabaki hukohuko, lakini baada ya muda milio ilinyamaza na badala yake tukasikia magari yanapanda barabara ya juu, na milango inapigwa. Ulikuwa msako. Butembo nzima ilijua maana yake: kila mwanamume atakayekutwa ni Mai-Mai, mpiganaji wa msituni, na anayekimbia ni Mai-Mai mara mbili.

Mama alitusukuma kuelekea bondeni. Tulikuwa tumefika kwenye matuta ya mwisho aliposimama na kugeuka. Aliona kile nilichokuwa sijakiona. Papa Mbusa, mke wake na watoto wao walikuwa wamefika kwenye pengo, wamesimama nyuma ya nyaya.

Alipanda mteremko mbio kuliko nilivyowahi kumwona. Akashika waya kwa mikono mitupu na kuvuta. Akachukua jembe na kupiga nguzo, nguzo ikatikisika tu, baba alikuwa ameichimbia vizuri. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na koleo lilikuwa deponi. Papa Mbusa aliinua watoto mmoja mmoja na kuwarusha juu ya waya, mama akawapokea. Mdogo wao, Kahambu, nilimpokea mimi, akanishika shingo hadi nikakosa pumzi. Kisha Papa Mbusa akamwinua mke wake. Kitenge kilichanika, na damu ikamtoka mapajani. Alibaki yeye. Alipanda, unene ukamzuia, koti likanasa huku mguu mmoja uko kwetu na mwingine kwao.

"Telema!"

Askari walikuwa wamefika uwanjani kwake, wakimwamuru kwa Kilingala asimame. Papa Mbusa alitulia juu ya ule waya. Alimwangalia mama, si mke wake.

"Mama, enda na batoto," alisema.

Alirudisha ule mguu upande wake. Wakamvuta kutoka kwenye waya, koti likabaki. Mama alimshika Mama Katungu kiunoni na kumburuta bondeni, akiwa amemziba mdomo kwa kiganja chake chenye damu. Tukiwa mtoni tulisikia risasi za barabarani. Alasiri watu walikuta maiti yake kando ya barabara, pamoja na za wanaume wengine wa mtaa.

Baba aling'oa nguzo siku ya pili, kabla ya mazishi. Alizing'oa kwa mikono na hakutaka tumsaidie. Mama hakupanda tena poireau, wala kitu chochote kwenye matuta yale. Paka walikuja mchana kweupe, wakachimba walipotaka, naye aliketi mlangoni akiwatazama. Mama Katungu hakututupia lawama. Alitusalimu. Alimshukuru mama kwa kuwapokea watoto. Matanga yalipokwisha alifunga vitu vyake, akaenda kwa ndugu zake upande wa Eringeti, na mimi, kwa akili ya mtoto, nilidhani ametusamehe, kwa sababu mtu ambaye hajasamehe hupiga kelele. Mama hakuwa na akili ya mtoto. Miaka yote iliyofuata alikuwa akisema atapanda gari kwenda kumtafuta ili azungumze naye, na kila mara akishafunga mzigo, anaufungua.

Nilikutana naye mimi, hapa Beni, mwaka jana, kwenye kibanda cha samaki. Amezeeka, na Kahambu ndiye anayeuza. Nilipomwambia mimi ni nani alinishika mikono akauliza habari za mama. Nikamwambia alifariki msimu wa mvua uliopita. Akauliza kama mama aliendelea kupanda poireau. Nikasema hapana, tangu siku ile hapana.

"Mbona hakupanda?" alisema. "Ni mimi nilimwambia afunge jardin. Kinywa changu ndiyo ilimwambia. Mimi nilikuwa nangoja aje, nimuombe pardon."

Nilikuwa nimemlilia mama nikidhani nimemaliza, na pale mbele ya samaki nikaanza upya, kwa hasira ambayo sikuwa nayo nilipokuwa mtoto. Wanawake wawili walikaa miaka yote hiyo, kila mmoja amejifungia na kosa lake, hili la waya na hili la neno, kila mmoja akiogopa kwenda kwa mwenzake. Yule aliyepiga risasi alipanda gari lake asubuhi ileile akaondoka. Kama yu hai, sidhani kama anaukumbuka ule ua, na hakuna mtu ambaye amewahi kumuuliza.