Mpiga Besi na Spika za Kaka Yake

Yule fundi cherehani wanayemwita Mama Sindano aliwahi kupiga gitaa la besi katika bendi, enzi ambazo mwanamke jukwaani alitegemewa kuimba au kutikisa kiuno tu. Alisemwa sana, akaziba masikio, akapiga mpaka vidole vikaota sugu.

Jumapili moja kaka yake, mhasibu, alitembelewa na wakwe, Mama Sindano naye akiwepo. Kwa kujivuna akawawekea wimbo wa zamani wa bendi ile kwenye kompyuta, kupitia spika mbili za mezani, ndogo kama makopo ya maziwa. Mwimbaji akasikika, gitaa la solo likasikika. Besi, kimya.

"Na wewe binti yangu, ulikuwa ukipiga nini humo?" baba mkwe akauliza.

Kabla hajajibu, kaka akadakia, "Dada? Aah, yeye alishikishwa gitaa apendezeshe jukwaa!"

Sebule nzima ikacheka. Mama Sindano akahisi damu inamchemka. Kaka huyu huyu, aliyekuwa akiingia dansini bure kwa jina lake! Akaaga kwa adabu, maana wakwe ni wakwe, lakini njia nzima alikuwa akigomba peke yake.

Wiki iliyofuata alirudi ameikumbatia sabufa, ile spika kubwa ya sauti nzito. Kaka akaipokea, akaisukumia kwenye kona, akafungulia sauti mpaka mwisho. Vioo vya kabati vikalia, mwimbaji akazama kama yumo ndani ya pipa.

"Haya, besi yako hiyo!"

"Hiyo besi? Hiyo radi! Hebu nipishe!"

Akapiga magoti na hasira zake. Pale kwenye kona noti moja ilinguruma, nyingine zikamezwa. Akaivuta sabufa mpaka kando ya meza, jirani na spika. Sauti ya mwimbaji nayo ilitokea sakafuni, kitu cha ajabu. Akazungusha kidude cha nyuma ili sabufa ibaki na sauti nzito tu, nyingine ziachiwe spika. Kulikuwa pia na swichi ya kuilinganisha sabufa na spika zisipingane. Akaibonyeza huku na huku, akaiacha pale besi ilipojaa. Kisha akapunguza sauti, akapunguza tena, mpaka usingejua sabufa iko wapi.

Hapo vidole vyake vya ujana vikaanza kutembea sebuleni, vikimjibu mwimbaji neno kwa neno. Wifi yake akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama kusikiliza.

"Kumbe wimbo wote ulikuwa umeubeba wewe," kaka akasema taratibu. "Nisamehe, dada."

"Msamaha unaniomba chemba? Mbona kunidharau ulinidharau hadharani?"

Akachomoa waya, akabeba sabufa yake, huyoo akaenda zake.

Siku chache baadaye kaka akapiga simu: amefika kwa wakwe, amesahihisha maneno yake.

"Uliwaambiaje?"

Akamweleza.

"Rudia."

Akarudia.

"Haya, njoo uichukue. Na ole wako uiweke kwenye kona."