Mteja Wangu Aliingia Kizimbani na Suruali Kichwani

Nimekuwa wakili kwa miaka mingi, lakini sikuwahi kuona mshtakiwa akipanda kizimbani amevaa suruali kichwani.

Mpaka mteja wangu, dobi.

"Mheshimiwa," akamwambia hakimu, "mimi ni jogoo."

Akawika.

Nilitamani ardhi inimeze.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Dobi aliunguza shati la jirani yake, muuza nyama. Muuza nyama akamvamia dukani na kisu. Dobi akamtwanga kwa ubao wa kupigia pasi, akamvunja mkono.

Shahidi hakuna. Muuza nyama akaapa kwamba alikwenda mikono mitupu. Akiaminiwa, dobi anakwenda jela.

"Tutasema ulijihami," nilimwambia dobi. "Ulijua unachofanya, na hukuwa na njia nyingine."

Kumbe shangazi yake naye alikuwa na sheria yake.

"Wakili, mwanangu," aliniambia mlangoni pa mahakama, uso umemchanua, "kichaa hafungwi."

"Hafungwi jela, shangazi. Anafungiwa hospitali! Halafu mimi niseme alijua anachofanya, wewe useme hakujua?"

"Sema yako, nami niseme yangu. Moja itashika."

Siku hiyo ilikuwa zamu yangu kumhoji muuza nyama. Alikuwa ameshasimama mahali pa shahidi, mkono una bandeji, dobi alipowika mara ya pili.

Hakimu akavua miwani. "Huenda mshtakiwa hakujua alichofanya siku ile."

Muuza nyama akaruka kama aliyekalia msumari.

"Kichaa? Huyu? Thubutu! Mheshimiwa, ana akili kunishinda mimi! Aliniambia, 'Jirani, weka kisu chini, sitaki kukuumiza.' Akarudia! Nilipokiinua ndipo akanipiga, tena akalenga mkono wenye kisu. Kichaa gani analenga?"



"Kisu kipi?" nikauliza taratibu.

Akautazama mkono wake wenye bandeji. Akauficha nyuma.

Mwendesha mashtaka akashika kichwa, akaliondoa shtaka. Shangazi akapiga vigelegele mpaka karani akaziba masikio.

"Uko huru," hakimu akamwambia dobi. "Ila kwa hali hii, nadhani daktari akuangalie. Pengine akulaze."

Dobi akaivua suruali fasta. "Nimepona, Mheshimiwa!"

"Sasa hivi?"

"Hata sikuwa naumwa!"

Nilifumba macho. Nilijua kinachofuata.

"Vizuri," hakimu akasema. "Kwa hiyo aliyewika mbele yangu ni mtu mwenye akili timamu. Askari, huyu ameidharau mahakama. Akae mahabusu mpaka jioni."

"Rukwa na akili tena, mwanangu!" shangazi akapaza sauti. "Wika!"

Dobi akawika kwa nguvu zake zote.

Askari akamshika mkono, akaondoka naye anawika hivyo hivyo.

Ndugu zangu, mshika mawili moja humponyoka. Kama ulijihami, sema ulijihami, kisha nyamaza. Ukichaa waachie wagonjwa. Wao hawaponi kwa kutishiwa daktari.