Wanawake wa Mungaa Hawakupotea

Jumanne, tarehe nne Juni, nilikuwa nimeketi kwenye mkeka uani kwa mama mmoja wa kijiji cha Mungaa, nikifanya utafiti wa programu ya simu. Programu tuliyokuwa tukiijaribu haikuwa imetengenezwa bado. Kurasa zake zilichorwa kwenye karatasi za manila, na mtu alipogusa kitufe kwa kidole, mimi nilibadilisha karatasi na kuandika alikopita.

Ilikusudiwa kuwawezesha wafugaji kumwita bwana mifugo. Njia tuliyoitaka ilikuwa fupi: ukurasa wa kwanza, kisha "Mnyama anaumwa", kisha "Tuma". Mama yule, aliyekuwa amepoteza ndama wawili msimu ule kwa kukosa mtu wa kumwita, aligusa kwanza "Wataalamu wetu", akaitazama kwa makini picha ya bwana mifugo, akarudi, ndipo akaripoti ugonjwa. Wanawake sita niliowatembelea kabla yake walikuwa wamefanya hivyohivyo, na mbele ya jina la kila mmoja nilikuwa nimeandika neno ambalo mradi ulielekeza kwa yeyote anayetoka nje ya njia: amepotea.

Nikaandika na kwake. Akauliza nimeandika nini. Niliona haya kumdanganya mtu niliyetoka kumwamkia, nikamsomea. Alimtafsiria jirani yake aliyekuwa ameketi nasi, kwa Kinyaturu, wakacheka wote wawili.

"Mwanangu," akasema, "ulipofika hapa ulianza kwa kutoa makaratasi?"

"Hapana, mama. Nilikuamkia."

"Ukauliza habari za mifugo, ukanywa na uji wangu. Basi mimi nimwambie mtu ng'ombe wangu anaharisha, hata uso wake sijauona? Hiyo simu yenu ndiyo iliyopotea."

Kesho yake, nyumbani Unyambwa, nilitandaza kumbukumbu zote sakafuni na kuchora upya njia ya kila mmoja. Mistari saba ilipinda mahali pamoja, ikarudi njiani bila kusita. Aliyepotea kweli huacha alama nyingine. Wawili kati yao walikwama mbele zaidi, walipochagua mnyama kwenye michoro ya mbuzi na kondoo, wakarudi palepale mara tatu, kwa sababu mchoraji wetu aliifanya ifanane. Kosa hilo sikuwa nimeliandika popote.

Nilimpigia kiongozi wa mradi, kijana mwenye adabu aliyeko Dar es Salaam. Alinisikiliza, kisha akasema taarifa imekwisha kuandaliwa: wanawake wenye umri mkubwa wa vijijini wangeachwa kwa kuwa wanapotea, huduma ianze na vijana wa mjini. "Mama, muda hautoshi," alisema. Nilifikiria ndama wawili. Sikubishana naye kwenye simu. Nilirudi Mungaa na karatasi mpya, picha na salamu ya bwana mifugo zikiwa ukurasa wa kwanza, na wanawake wote saba wakaenda moja kwa moja mpaka "Tuma", ila wale wawili waliosita tena kwenye mbuzi na kondoo.

Wiki tatu baadaye nilituma barua hii:

"Ndugu Kiongozi, naambatisha michoro ya njia zote, ya awali na ya sasa. Neno 'amepotea' limeandikwa mara saba kwa mkono wangu, na mara zote saba nilikosea. Naomba lifutwe, na wafugaji hawa wabaki kwenye mradi. Michoro ya mbuzi na kondoo ichorwe upya. Kama taarifa itatoka jinsi ilivyo, jina langu lisiwemo, nami nitawaeleza wafadhili sababu. Nasubiri jibu lako kabla ya Ijumaa. Jumamosi nimeahidi kulipeleka Mungaa."