Mwanga Ulipokoma Mguuni mwa Mignonne

Mignonne alikuwa fundi wa nguo kule mtaa wa Kasulo. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa sebuleni, juu ya sakafu ambayo mume wake René alikuwa ameichimba kwa chini akitafuta madini ya kobalti. Mdomo wa shimo ulikuwa chumbani mwao. Mtaa mzima ulichimba. René alisema wakiacha wao, jirani atakuja kwa chini kama panya na kuyabeba mawe yao. Mignonne alikataa, kisha akachoka kukataa.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, sakafu iliporomoka. Alianguka pamoja na cherehani, na chuma chake kikamkandamiza mguu wa kushoto. Wanaume walipofaulu kumtoa, jua lilikuwa limeshapanda.

Hospitalini daktari wa zamu aliutazama mguu uliovimba na kuwa mweusi, akasema ukatwe juu ya goti. Mignonne alilia mpaka sauti ikakauka.

"Tata dokta, mi nashona na miguu. Batoto yangu batakula nini?"

Hapo ndipo Dokta Kitenge, mpasuaji aliyekuwa amekuja kutoka Lubumbashi na kamera ya kuazima, alipoomba aachiwe mgonjwa kwanza. Alimweleza Mignonne mwenyewe: atamdunga mkononi dawa ya kijani, nayo itasafiri na damu. Atamulika mguu kwa taa ambayo mwanga wake jicho halioni. Dawa itawaka, kamera itaona. Nyama yenyewe karibu haiwaki kabisa kwa taa ile, kwa hiyo haitawadanganya. Panapowaka, damu inapita.

"Na pakibakia giza?"

"Pale, mama, pamekwisha kufa."

Walitundika mablanketi madirishani na kuzima balbu, maana mwanga wa mchana ungeharibu picha. Mignonne alilazwa chali, muuguzi akamshika bega. Skrini ilielekea kwa daktari na René. Sindano ikaingia.

"Imefika wapi?" akauliza Mignonne.

"Ku goti," René akajibu. "Iko nashuka."

"Na sasa?"

"Iko nashuka bado."

Daktari akageuka kumtazama René. René akaendelea, haraka haraka, akimwita kwa jina la binti yao: "Sasa iko ku kisigino, mama Princesse. Ku bidole. Bidole yote iko nawaka!"

Sauti hiyo Mignonne aliijua. Ndiyo iliyomwambia kwamba sakafu ni nene.

"Dokta, geuza ile televizio, mi mwenyewe nione."

Daktari akaigeuza. Paja lilikuwa jeupe kwa mwanga, goti pia, na chini ya goti mwanga ulishuka kidogo, halafu ukakoma kama kitambaa kilichopitiwa na mkasi. Chini ya hapo hapakuwa na mguu kwenye picha. Palikuwa na giza tu.

"Ngojeni," akasema Mignonne. "Labda iko nachelewa."

Wakangoja. Alikaza macho pale mpakani, akiomba kimoyomoyo, akijaribu kuchezesha vidole ambavyo hakuvisikia. Daktari akarudia sindano. Mwanga ukakoma palepale.

"Goti tutaliokoa," Dokta Kitenge akasema polepole. "Bila kamera tungekata hata hilo."

Mignonne aligeuza uso kuelekea ukutani.

Walikata chini ya goti. Kidonda kilikawia kufunga, na dokta alikuwa ameshaondoka na kamera yake, kwa hiyo kila harufu mbaya iliwatia hofu na hapakuwa na wa kuwaonyesha ndani kuna nini. Siku ya kutembelewa, Mignonne alimwuliza mumewe kwa nini alimdanganya.

"Niliona ile giza," akasema René, "nikaogopa kukwambia na kinywa yangu mwenyewe."

"Na ile shimo?"

René akachukua ndoo, akaenda kuchota maji.

Sasa Mignonne anakaa upande wa Dilala, kwa dada yake Agnès. René anachimba kwenye mgodi wa Mashamba, anakuja Jumapili, anasimama mlangoni mpaka aitwe. Agnès hana nguvu za kumwinua dada yake, kwa hiyo siku nyingine Mignonne hutumia ndoo, na Jumapili René humbeba mpaka chooni uani na kumrudisha. Mignonne hushika shingo yake ili asianguke.